Hadithi Moja Kila Juma

Jijini Nairobi kuna desturi ambayo baadhi ya wazee na walimu hawaipendi. Vijana hukutana katika vikundi vidogo, wengine chumbani mwa mwenzao, wengine chini ya mti, wengine kwa kupelekeana maandiko katika simu. Hupeana jambo moja la kutungia hadithi, wakawekeana kipimo cha maneno na siku ya mwisho. Juma likiisha kila mmoja huleta hadithi yake, ikasomwa mbele ya wenzake na kuhukumiwa nao. Juma lifuatalo hupeana jambo jingine. Hapana ada, hapana cheti, wala hapana zawadi ila sifa ya siku moja, ambayo Jumatatu huwa imekwisha kusahauliwa.

Nimesikia desturi hii ikilaumiwa kwa mambo matatu. Yasemwa kuwa ni haraka, na haraka haina baraka. Yasemwa kuwa huiba saa za masomo. Yasemwa tena, hasa katika siku hizi, kuwa ni kazi bure, maana mashine imekwisha kujua kutunga hadithi kwa muda mfupi kuliko mtu anavyochonga kalamu. Nataka kuitetea desturi hii mbele ya lawama zote tatu. Zaidi ya hayo, nataka kusema kuwa shule isiyo na kikundi cha namna hii inawanyima wanafunzi wake haki yao, na kwamba kijana anayengoja awe mwandishi kwanza ndipo aandike hatakuwa mwandishi kamwe.

Naanza na lawama ya haraka. Hadithi njema, twaambiwa, ni kama embe: lililovundikwa kabla ya kukomaa halina utamu wa lile lililoivia mtini. Mfano huu ni mzuri, lakini unasema habari za tunda, na haja yetu hapa ni mti. Mwandishi wa miaka kumi na sita hana tunda la kuvundika wala la kungojea. Yeye bado ni mche, na mche hutaka maji kila siku. Mtu akiuacha bila maji kwa heshima ya embe litakalokuja baadaye, hana shukrani ya kudai siku ya mavuno.

Tazameni habari za Anton Chekhov wa Urusi, ambaye wengi humhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa wa hadithi fupi waliopata kuishi duniani. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Moscow. Baba yake alikuwa amefilisika, na jamaa zake walimtazama yeye kwa chakula. Tangu mwaka 1882 aliliandikia gazeti la kila juma la Petersburg lililoitwa Oskolki, ambalo mhariri wake hakupenda hadithi ipite mistari kama mia moja. Chekhov alinung'unika kwa sababu ya kipimo hicho, lakini alikitii. Aliandika usiku baada ya masomo, nyumba ikiwa na kelele, na mwaka 1884 alihitimu udaktari wake vile vile. Kwa hiyo wale wanaodhani kuwa hadithi ya kila juma haiwezi kupatana na masomo magumu na wamwulize yeye.

Wapinzani wetu wana jibu, nami sitalificha. Mwaka 1886 mwandishi mzee Dmitry Grigorovich alimpelekea Chekhov barua. Alikisifu kipaji chake, kisha akamsihi aache kuandika kwa haraka. Chekhov alijibu kwa unyenyekevu, akakiri kuwa hakumbuki hadithi aliyoishughulikia kwa zaidi ya siku moja. Watu huishika barua hii mkononi kama hukumu ya mahakama. Mimi naikubali yote, kila neno lake, ila naomba itazamwe tarehe. Barua ilikuja baada ya miaka ya kazi ya kila juma. Grigorovich alipata kitu cha kusifu, na cha kuonya, kwa sababu Chekhov alikuwa amekwisha kuandika. Nani angempelekea barua kijana aliyekuwa akingoja? Mtu huambiwa apunguze mwendo akiwa njiani. Aliyeketi kitandani hana mwendo wa kupunguza.

Wala desturi hii si ya kuazima Urusi. Waswahili tunayo ya kwetu, ya zamani, ila tuliiweka katika ushairi tukaisahau katika hadithi. Zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, washairi wa Mombasa na wa Lamu walirushiana mashairi ya majivuno na ya kejeli. Mtu aliyetupiwa shairi hakuwa na ruhusa ya kulala akingojea maneno yamshukie. Heshima ya mji ilikuwa ikimngojea yeye. Baadaye magazeti yakaipokea kazi hiyo. Katika Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, na katika Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, mshairi mmoja aliuliza na mwingine akajibu, wa tatu akaingia kuwasahihisha wote wawili vina na mizani. Fundi wa ushairi alilelewa hivyo, mbele ya macho ya watu na kwa kushindana na wenzake, akiwa na kipimo kisichomhurumia.

Sasa nauliza: hadithi fupi ya Kiswahili ilipata malezi gani ya namna hiyo? Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliwahi kufanya mashindano ya hadithi fupi, na baadhi ya hadithi zake zikachapwa vitabuni. Lilikuwa jambo jema. Lakini mashindano ya mara moja baada ya muda mrefu ni kama mvua ya masika: hunyesha, ikaisha, na mwenye shamba akabaki kutazama mawingu. Ushairi ulikuwa na kisima uani. Hadithi iliachwa ingojee mvua.

Narudi Nairobi, maana ndiko ugomvi huu uliko. Mji huu una historia ya hadithi ambayo mwanafunzi ana haki ya kujivunia. Mwaka 1963 Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika ya Kusini aliyekuwa uhamishoni, alianzisha hapa kituo cha sanaa kilichoitwa Chemchemi, akafundisha vijana kuandika. Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina alipata Tuzo ya Caine kwa hadithi ambayo ilikuwa imetolewa kwanza katika jarida la intaneti, wala si katika kitabu chenye jalada gumu. Mwaka 2003 likatoka jarida la Kwani?, na mwaka huo huo Yvonne Owuor akaipata tuzo ile ile. Baada yao Wakenya wengine watatu waliipata: Okwiri Oduor mwaka 2014, Makena Onjerika mwaka 2018 na Idza Luhumyo mwaka 2022.

Haya ni mambo ya kushangilia, lakini nina hofu kuwa vijana wengi wamejifunza somo lisilo lake. Wanaiona tuzo, wala hawaoni benchi la seremala. Wahenga walisema kuwa ukiona vyaelea vimeundwa. Kijana wa Kangemi au wa Dagoretti anaviona vyombo vikielea, anavipigia makofi kutoka ufuoni, kisha anarudi nyumbani kungoja chombo chake kishuke kutoka mbinguni. Tuzo huja mara moja kwa mwaka na humchagua mmoja. Juma huja mara hamsini na mbili na halimkatai mtu. Tena tuzo niliyoitaja imewasifu hao watano kwa hadithi zilizoandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2014 Kiswahili nacho kina tuzo yake, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, na nawashukuru walioianzisha. Lakini tuzo hiyo huomba mswada wa kitabu kizima. Mwanafunzi wa sekondari hana mswada. Ana siku saba, penseli, na wenzake wanne watakaomsikiliza. Kikundi cha kila juma humpokea na hicho kidogo alicho nacho.

Lawama ya pili ni ya walimu, nami nawaheshimu, maana wao ndio wabebao mzigo wa mitihani. Husema kuwa saa ya hadithi ni saa iliyoibwa katika kazi ya insha. Sitawajibu kwa ukali, bali nitawaomba wazisome upya insha zenyewe. Ni mara ngapi mwanafunzi wa Nairobi huanza kwa kusema kuwa alirauka alfajiri na mapema, ndege wakiimba nyimbo za kumtukuza Muumba, na miale ya jua ikichungulia mashariki? Ndege gani hao wa Kawangware? Mtoto wa Kawangware huamshwa na honi ya matatu, na mgongano wa mitungi mitupu katika foleni ya maji, na mlango wa jirani aendaye kazini kwa miguu. Hayo anayajua kwa masikio yake. Lakini amefundishwa kuyaacha mlangoni na kuingia katika insha na ndege wa kukodi. Alikariri maneno hayo kwa sababu alihofia kuwa ya kwake hayafai. Na alihofia kwa sababu hakupata kuyajaribu mara nyingi mbele ya watu. Insha tatu katika muhula mzima, zilizorudishwa na alama nyekundu, haziwezi kumwondolea mtu hofu hiyo. Hadithi kumi na mbili katika muhula huo huo zaweza.

Jumamosi moja nilialikwa kusikiliza kikundi cha wanafunzi na vijana wa kazi huko Kangemi. Jambo lililotolewa lilikuwa neno moja tu: maji. Kipimo kilikuwa maneno elfu moja. Msichana wa Kawangware alisoma habari za mtoto aliyetumwa na sarafu za mtungi mmoja, akakuta bei imepanda tangu asubuhi, akazunguka mitaa mitatu kwa kuogopa kurudi na mtungi mtupu. Kijana afanyaye kazi Lavington alisoma habari za mtunza bustani anyweshaye majani ya tajiri mchana kutwa, ambaye mkewe humwomba kila jioni arudi na chupa moja. Mwingine, ambaye hufanya usafi katikati ya jiji, alisoma habari za ngazi za jengo la ghorofa sita: mwanamke huzipiga deki kutoka juu hadi chini, na kila amalizapo ghorofa moja watu huikanyaga kabla haijakauka. Wa mwisho, mvulana wa kidato cha pili, alisoma habari za mama aliyengoja mvua kubwa inyeshe juu ya mabati ndipo amwambie mumewe jambo zito, ili awe amelisema, lakini lisisikike.

Tulinyamaza. Kisha wenzake wakaanza. Kanuni ya kikundi ni kuwa mwandishi hafungui kinywa hadi wote wamalize. Msichana mmoja akamwambia kuwa hadithi ni njema, lakini aya ya mwisho imelieleza jambo lile la mama waziwazi, na kwamba, kama mvua imemficha mume asisikie, basi na imfiche msomaji pia. Uso wa mvulana ulibadilika. Nikaona kuwa ameumia, na nikaona vile vile kuwa ameelewa. Juma la pili aliileta tena, ameikata aya ile yote. Hadithi ilikuwa fupi zaidi na nzito zaidi. Nimekaa darasani miaka mingi, na sijui njia nyingine ambayo ingaliweza kumfundisha mtoto yule somo hilo katika siku saba. Mimi mwenyewe, kama ningalisahihisha hadithi yake, ningalishughulika na nukta na herufi kubwa.

Kuna faida nyingine katika kisa hiki. Vijana wanne walitoka katika mji mmoja, lakini kila mmoja aliyaona maji kutoka mahali pake. Aishiye Kileleshwa na aishiye Kangemi hupita pamoja katika barabara ya Waiyaki, kila siku, wala hawajuani. Mmoja yu garini na mwingine yu ndani ya matatu, na foleni imewasimamisha bega kwa bega. Neno moja likitolewa kwa wote, na kila mmoja akalijibu kwa yale ayajuayo, ndipo mji huanza kujisikia wenyewe. Katika bustani ya Jeevanjee, iliyofunguliwa mwaka 1906, watu wa kawaida wamekuwa wakikusanyika mchana kujadili siasa, na hapana awaulizaye cheti cha kusemea. Hadithi nayo yastahili uwanja kama huo.

Lawama ya tatu ni ya mashine. Ni kweli kuwa mtu aweza leo kuiamuru programu itunge hadithi ya maneno elfu moja juu ya maji, na kabla hajameza mate hadithi imekuja, tena haina kosa la herufi. Basi kwa nini mtoto ajisumbue? Najibu kwa swali: gari lipo, mbona wanafunzi hukimbia mbio uwanjani? Hukimbia kwa sababu ya mapafu na miguu yao. Kadhalika hadithi ya kila juma haiandikwi kwa kuwa dunia ina upungufu wa hadithi. Huandikwa ili mwandishi apate jicho la kuona, sikio la kusikia na uvumilivu wa kutafuta neno. Mwanafunzi aletaye kikundini hadithi ya mashine ni kama mgonjwa ampaye jirani dawa yake ainywe, kisha akakaa kungoja kupona.

Baada ya kuwajibu wa nje, haki hunilazimu niwageukie wa ndani, maana vikundi vyetu vina makosa yao. Kosa la kwanza ni sifa za bure. Nimeona vikundi ambamo kila hadithi huitwa nzuri sana, kila mwandishi huitwa bingwa, na kila mtu hurudi nyumbani kama alivyokuja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa isiyo na sababu ni dharau iliyovaa nguo za urafiki, kwa kuwa asemaye hakujali kusoma. Anayesifu na aonyeshe sentensi aliyoipenda. Anayelaumu naye na aonyeshe sentensi iliyomkwaza, aseme kwa nini, na aishie hapo, wala asivuke kutoka katika maandishi hadi kwa mtu. Mwenye ulimi wa kuumiza hana haki zaidi ya mwenye ulimi wa kupaka asali. Wote wawili wamekwepa kazi.

Kosa la pili ni lugha. Vikundi vingi vya Nairobi huandika kwa Kiingereza, na Kiswahili hubaki cha kuombea chai na kuitia matatu. Siwachukii wanaoandika Kiingereza. Lakini yule mtoto wa foleni ya maji hakuambiwa bei kwa Kiingereza, na mama wa mvua hakusema siri yake kwa Kiingereza. Angalau nusu ya majuma ya mwaka na yawe ya Kiswahili, nacho Kiswahili kiwe safi lakini hai, kisiwe kile cha ndege wa kukodi.

Kosa la tatu ndilo alilolionya Grigorovich: kukimbia tu bila kurudi nyuma. Dawa yake ni nyepesi. Kila juma la tano pasitolewe jambo jipya, bali kila mmoja achague moja katika hadithi zake nne na kuiandika upya kutoka mwanzo. Hivyo haraka na utulivu vitakaa nyumba moja, na embe litapata siku zake za kuivia mtini.

Nimesema kwa ukali kidogo, na msomaji ana haki ya kuuliza sababu. Nilipokuwa kidato cha tatu nilinunua daftari jeusi kando ya barabara ya Tom Mboya, mahali ambapo vitabu hutandazwa chini na mnunuzi hulazimika kuinama. Nikaandika juu yake jina la kitabu changu. Lilikuwa jina zuri. Nikangoja nikue, nikangoja nitulie, nikangoja nipate chumba chenye dirisha. Daftari hilo ninalo hadi leo. Ukurasa wa kwanza una jina la kitabu; ukurasa wa pili una nusu ya sentensi. Sikukosa kipaji kuliko wenzangu, wala sikukosa mambo ya kusema. Nilikosa Ijumaa. Hapana mtu aliyekuwa akiningoja na hadithi yangu mbovu siku ya Ijumaa.

Basi, msomaji kijana, usingoje mwalimu akuanzishie kikundi, wala usingoje kituo kikubwa. Chemchemi ya mwaka 1963 ilikuwa kazi njema, lakini haikudumu miaka mingi. Watu wanne na kipande cha karatasi hawahitaji mfadhili wala jengo. Tafuta watatu, nawe uwe wa nne. Kesho mchague jambo. Kama mmekosa, chukueni hili langu: mlango uliofungwa. Maneno yasizidi elfu moja. Andikeni hadi Ijumaa, msomeane Jumamosi, mwambiane kweli, na Jumatatu mwanze tena. Hadithi yako ya kwanza itakuwa mbaya. Ya pili yamkini itakuwa mbaya pia. Usione haya, maana hapana kisu kilichozaliwa kikali, na kinolewacho hupata.